Mjusi wa Lindi Anapoamka Berlin

Jijini Berlin kuna ukumbi ambao mgeni akiingia huinua kichwa kabla hajapiga hatua ya tatu. Mbele yake, chini ya paa la kioo, imesimama miguu minne mirefu ya rangi ya kahawia iliyoiva. Juu ya miguu kuna kifua cha mbavu nzito, na kutoka kifuani shingo inapanda, inazidi kupanda, mpaka inafika kwenye kichwa kidogo kinachowatazama watu kutoka kimo cha mita 13.27. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimemwandika kuwa ndiye kiunzi cha dinosaria kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa katika makumbusho duniani. Wanasayansi humwita Giraffatitan brancai. Watanzania, kuanzia vijiweni hadi Bungeni, humwita mjusi.

Habari zake nilikuwa nazo kwa kusikia, kama wengi wetu tulivyo nazo: kwamba kwao ni Tendaguru, mkoani Lindi, kwamba alichukuliwa enzi za utawala wa Wajerumani, kwamba yuko Ulaya na hajarudi. Niliyoyakuta katika ukumbi huo yalizidi niliyoyasikia. Nilikwenda kutazama mifupa, nikamkuta mnyama anayetembea, anayekula na anayegeuza shingo, huku watoto wakimpigia kelele za furaha. Ukumbi huu unastahili kusifiwa, na unastahili kusifiwa kwa Kiswahili, kwa sababu kila siku unapoifungua milango yake unafanya jambo ambalo ni zito kulifanya: unamrudishia uhai kiumbe aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita.

Kufika ni rahisi. Kutoka stesheni kuu ya reli, mtu huifuata barabara ya Invalidenstraße kwa miguu kuelekea mashariki, akafika kabla hajachoka. Tramu hupita karibu na mlango, na treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, ina kituo kilichopewa jina la makumbusho haya, Naturkundemuseum. Jumatatu hufungwa, kwa hiyo msafiri apange siku yake vizuri. Jengo ni la mawe, pana, lenye heshima ya majengo ya zamani. Lilifunguliwa mwaka 1889, ingawa taasisi yenyewe chimbuko lake ni mwaka 1810, pamoja na chuo kikuu cha Berlin. Humo ndani mna vielelezo takriban milioni 30: wadudu, ndege, samaki, mawe, vimondo. Lakini mjenzi aliupanga ukumbi mkubwa mbele kabisa, na siku hizi ukumbi huo ni wa dinosaria, kwa hiyo anayeingia hana haja ya kuuliza njia.

Katika ukumbi huo vimesimikwa vyombo vinavyofanana na darubini zile za kutazamia mbali. Huitwa Juraskopu. Vilitengenezwa na studio ya ART+COM ya hapo hapo Berlin, ukumbi ulipofunguliwa upya mwaka 2007 baada ya ukarabati. Unakigeuza chombo kumwelekea dinosaria unayemtaka, kisha unachungulia. Mwanzoni unaona yale yale uliyokuwa ukiyaona kwa macho matupu: mifupa na ukumbi. Halafu ndani ya mbavu vinaanza kujitokeza viungo vya tumboni na kifuani. Misuli inafuata, inavaa mapaja na mabega, inapanda shingo pingili kwa pingili. Ngozi inatanda juu ya misuli. Kuta za makumbusho zinatoweka, na mahali pake panakuwa na nchi ya kale yenye miti na anga pana. Ndipo mnyama anapotikisika, akapiga hatua ya kwanza.

Mambo hayo huchukua muda mfupi sana, lakini muda huo mfupi unatosha kumbadilisha mtu. Nilikaa pembeni nikiwatazama watoto zaidi ya nilivyotazama chombo. Mtoto akichungulia, mwili wake wote hutulia. Mnyama anapoanza kutembea, mtoto huondoa macho ghafla na kumwinulia uso mjusi mwenyewe, yule wa mifupa, kumkagua kama kweli amehama. Anamkuta palepale. Anarudi kwenye chombo haraka: huku mnyama anakwenda! Anainua tena uso: kimya, mifupa, mita 13 za utulivu. Ni kombolela kati ya mtoto wa leo na mnyama wa enzi ya Jurasiki, na mnyama ndiye anayeshinda kila mara. Watu wazima nao huanza kwa kujizuia, kisha wakajikuta wanafanya yale yale. Nilimwona babu mmoja aliyeinua uso mara tatu.

Makumbusho hayakuishia hapo. Mwaka 2016 yalishirikiana na Google kutoa video ya nyuzi 360 ambamo Giraffatitan huvaa nyama na ngozi akiwa ukumbini humo humo, akageuza kichwa kumtazama mtazamaji. Mwalimu wa Kilwa au wa Nachingwea mwenye simu ya kisasa anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake mnyama huyo akipumua.

Kinachonipendeza katika uchangamfu huu ni kwamba hauna uzushi wa sinema. Kila hatua anayopiga mnyama ndani ya Juraskopu imetokana na mabishano ya kitaalamu ya zaidi ya miaka mia moja. Werner Janensch, mtaalamu aliyeongoza uchimbaji, alipomsimamisha kwa mara ya kwanza mwaka 1937, miguu ya mbele ilipindwa kwa nje, viwiko vikatanuka, na mkia ukaburutwa sakafuni. Alisimama kimjusi hasa. Ndivyo dinosaria walivyodhaniwa wakati huo, kwamba ni mijusi iliyopitiliza ukubwa. Utafiti wa miongo iliyofuata ulionyesha kuwa miguu ya wanyama hawa ilikuwa wima chini ya mwili kama nguzo, na kwamba mkia ulibebwa hewani. Kwa hiyo kati ya mwaka 2005 na 2007 mafundi walimfungua mfupa mmoja mmoja, wakamsafisha, wakatengeneza fremu mpya ya chuma, wakamsimamisha upya. Miguu ikanyooka, mkia ukainuka, na mnyama akapanda kimo kuliko alivyokuwa tangu afike Ulaya.

Mjadala mwingine ulihusu makao yake. Matundu ya pua yake yako juu ya fuvu, na kwa muda mrefu wataalamu walisema hilo ni ushahidi wa maisha ya majini: mnyama mzito namna hii, wakasema, angewezaje kujibeba nchi kavu? Wakamchora amezama ziwani, ametoa pua tu. Mwaka 1951 Kenneth Kermack wa Uingereza alionyesha kwamba katika kina hicho maji yangekibana kifua chake asiweze kuvuta pumzi. Mnyama akatolewa majini. Kisha wakazichunguza pingili za shingo na kuona zina mashimo na vyumba vilivyojaa hewa, kama ilivyo mifupa ya ndege, na ndiyo maana shingo ndefu kiasi hicho iliweza kuinuliwa. Uzito wake ukapunguzwa kwenye vitabu: Edwin Colbert alikadiria tani 78 mwaka 1962, na Mike Taylor akafikia tani 23 mwaka 2009. Mnyama mnene aliyelala majini akawa mnyama wa miguu mirefu anayetembea nchi kavu, akichuma majani ya juu kabisa ambayo wenzake hawayafikii, na kuyameza bila kuyatafuna.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hulipita. Mifupa ya bega lake haijaungana kama inavyoungana kwa mnyama aliyekomaa. Na katika akiba ya makumbusho upo mfupa wa mguu wa mwenzake wa jamii hiyo hiyo, ulio mkubwa kuliko wake kwa takriban asilimia 13. Maana yake ni kwamba huyu tunayemshangaa alikuwa bado anakua. Alikuwa kijana! Tangu nilipojua hilo, hatua zake ndani ya Juraskopu zimekuwa na mwendo mwingine machoni pangu, na nimeona kwamba watoto wanaocheza naye hawajakosea rafiki.

Makumbusho pia yanamweleza mgeni ukweli wa kiunzi chenyewe. Sehemu kubwa ya mwili imetokana na mnyama mmoja aliyechimbwa katika shimo lililopewa herufi S, na mapengo yakajazwa kwa mifupa ya wengine wa aina yake. Pingili za shingo zinazoonekana juu ni nakala, kwa kuwa za asili ni nzito na dhaifu, haziwezi kuning'inizwa. Kichwa cha juu nacho ni nakala. Fuvu la kweli liko chini, kwenye kabati la kioo, mahali ambapo mtu anaweza kulitazama ana kwa ana, ayaone meno yaliyopukutisha matawi ya misonobari kabla hakujawa na ua hata moja wala mtu wa kuliona.

Nchi inayoonekana ndani ya Juraskopu nilitaka kuijua zaidi, kwa kuwa ni nchi yetu. Miamba ya Tendaguru imepangana kwa zamu: tabaka lenye mifupa ya dinosaria, kisha tabaka lenye makombe na chaza wa baharini, kisha tena dinosaria. Bahari ilikuja na kurudi. Wanajiolojia wameisoma mipango hiyo na kuona kwamba hapo palikuwa ufukweni: ghuba zilizotulia, wangwa mpana wa maji kupwa na kujaa, na nyuma yake misitu ya miti ya jamii ya misonobari. Enzi hizo Madagaska ilikuwa ikijitenga na Afrika na bahari ikipenya katikati. Giraffatitan alikuwa mnyama wa pwani. Makundi yake yalishuka karibu na maji, mengine yakafia kwenye matope, na matope hayo yakawahifadhi. Mtu aliyekulia Lindi, Mtwara au Kilwa, aliyewahi kuvuka wangwa wakati maji yamekupwa huku matope yakimvuta nyayo, ataelewa haraka kuliko profesa yeyote jinsi mnyama wa tani nyingi anavyoweza kukwama.

Uamsho wa kwanza wa mjusi huyu haukutokea Berlin. Ulianza kilimani, umbali wa siku chache kwa miguu kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler alikutana na mifupa mikubwa karibu na kilima cha Tendaguru, katika ardhi ambayo wenyeji walikuwa wakiilima na kuipita siku zote. Mwaka 1907 mtaalamu Eberhard Fraas alifika na kuthibitisha. Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa taasisi iliyohusika huko Berlin, akakusanya fedha, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 kukawa na mojawapo ya kazi kubwa kabisa za kuchimba dinosaria ambazo dunia imewahi kuziona. Waliosimamia walikuwa Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck na mkewe Ina.

Lakini waliochimba ni watu wa huku. Mwaka wa kwanza walikuwa takriban 170. Baadaye wakafika karibu 500. Wengi walikuja na wake na watoto, kilima kikageuka kijiji. Vita ya Maji Maji ilikuwa ndiyo kwanza imemalizika, mwaka 1907. Mashamba yalikuwa yamechomwa, njaa imeua, kodi ya mkoloni inadaiwa. Hao ndio walioshika majembe na sururu, wakafukua kwa uangalifu mifupa ambayo ikiguswa vibaya huvunjika kama mkate mkavu. Waliifunga kwa plasta, wakaizungushia fito za mianzi, wakaibeba kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, kisha wakarudi kuchukua mingine. Kwa jumla takriban tani 230 za mizigo zilipita njia hiyo kwa nguvu za shingo na mabega ya wapagazi, kabla ya kupakiwa melini kwenda Ujerumani. Mfupa wa paja ulio ukumbini, mrefu kuliko mtu mzima, nao uliletwa na mabega hayo.

Kati yao alikuwapo Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji. Alijifunza kazi ya visukuku mpaka akawa fundi anayeaminiwa kuongoza mashimo na kuandaa mifupa. Jina lake limo katika kumbukumbu za safari ile, lakini kwa karibu karne nzima halikuwamo katika majina ya wanyama wenyewe. Na hapa ndipo msomaji mwenye kalamu anapaswa kusimama mbele ya kila kiunzi cha ukumbini na kusoma kibao chake kwa utulivu.

Giraffatitan brancai amebeba jina la Branca, mkurugenzi. Dicraeosaurus hansemanni, mwenye miiba miwili miwili mgongoni, amebeba jina la David von Hansemann, aliyesaidia kutafuta fedha. Elaphrosaurus bambergi, mkimbiaji mwembamba, ana jina la Paul Bamberg, mfadhili. Dysalotosaurus lettowvorbecki, mdogo wao, alipewa mwaka 1919 jina la Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki. Kentrosaurus aethiopicus, yule mwenye miiba mkiani ambaye watoto humpenda mara moja, hakupewa jina la mtu. Wafadhili, wakubwa na wanajeshi waliingia katika sayansi kupitia mifupa ya Lindi, na wachimbaji wakabaki nje.

Mlango huo umeanza kufunguliwa. Mwaka 2007, mwaka ule ule ukumbi ulipofunguliwa upya, mtafiti Kristian Remes alimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei: jina la kwanza ni la Wamwera, watu wa eneo hilo, na la pili ni la Mohammadi Keranje, aliyesimamia kuchimbwa kwa mifupa yake. Watafiti wa Berlin wametoa pia kitabu kuhusu historia ya safari ya Tendaguru, na kitabu hicho kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa Dar es Salaam. Kwangu mimi, haya nayo ni maamsho. Juraskopu humvika mjusi ngozi. Majina kama Boheti na Keranje humrudishia jamaa zake.

Maisha ya mjusi huyu Berlin nayo hayakuwa ya raha tupu. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alifunguliwa, mifupa ikahifadhiwa chini ya jengo. Tarehe 3 Februari 1945 mabomu yaliangusha ubawa wa mashariki wa makumbusho. Vita ilipokwisha, jengo likajikuta upande wa Berlin Mashariki, jirani kabisa na mpaka ulioukata mji. Mwaka 1953 alisimama tena. Mwaka 1984 alifunguliwa akasafirishwa hadi Tokyo, akawashangaza Wajapani, akarudi. Himaya iliyomchukua ilianguka, dola iliyomsimamisha mara ya kwanza iliangamia, ukuta uliojengwa jirani yake ulibomolewa, naye yupo. Kila kizazi kimemsimamisha kwa kadiri kilivyojua.

Ubawa ule ulioanguka ulibaki gofu kwa miongo mingi, mpaka ulipojengwa upya mwaka 2010. Msafiri asikose kuuona. Mna chumba kirefu cha kioo, chenye mitungi 276,000 ya wanyama waliohifadhiwa katika spiriti, samaki na nyoka na kaa, wamepangwa safu juu ya safu, mwanga ukipenya ndani ya kimiminika cha rangi ya asali. Na nyuma ya ukumbi wa dinosaria, katika chumba chenye giza la makusudi, kuna kipande cha jiwe kilichohifadhiwa kwa ulinzi mkubwa: Archaeopteryx, kiumbe mwenye manyoya ya ndege na meno ya mnyama, aliyepatikana Eichstätt, kusini mwa Ujerumani, katika miaka ya 1870. Naye ana umri wa takriban miaka milioni 150. Alikuwa hai katika visiwa vya Ulaya wakati Giraffatitan akitembea wangwa wa Lindi. Viumbe wawili wa zama moja, wa mabara mawili, sasa wanalala chini ya paa moja, na mgeni huwafikia kwa kutembea hatua chache. Sijui makumbusho mengine yaliyonipa furaha ya namna hiyo.

Najua swali ambalo msomaji wa Tanzania amekuwa nalo tangu mwanzo wa makala haya. Mjusi arudi? Wabunge wameliuliza Bungeni mara kwa mara, wa Lindi wakiwa mstari wa mbele. Mwaka 2018, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani Heiko Maas alipofika Dar es Salaam, waziri wetu Augustine Mahiga alieleza kwamba serikali haitadai arudishwe, na ingependa zaidi ushirikiano katika utafiti na uhifadhi. Mjadala haujafa, wala haupaswi kufa. Mimi naamini kwamba watu wa Lindi wana haki ya kufaidika na kilichotoka chini ya miguu yao: haki ya kufundishwa, kusomeshwa hadi kuwa wataalamu wa visukuku, kujengewa mahali pa kumwonyesha mgeni kilima na mashimo, kupewa Juraskopu yao wenyewe itakayomtembeza mnyama juu ya ardhi aliyoikanyaga. Kuupenda ukumbi wa Berlin hakunipunguzii imani hiyo hata chembe. Ukumbi ndio ulioniongezea, kwa kunionyesha jinsi mtoto anavyong'aa akikutana na mnyama huyu, na kunifanya niwatakie watoto wa Mnazi Mmoja na Mingoyo, huko Lindi, mng'ao huo huo.

Kwa mwenye safari ya Ujerumani, iwe ya masomo, ya kazi au ya kutembelea ndugu, ushauri wangu ni huu. Tenga siku nzima. Ingia asubuhi milango inapofunguliwa, kabla makundi ya shule hayajajaa, uwe na Juraskopu kwa nafasi. Mtazame kwanza mjusi bila chombo, ukimzunguka taratibu, maana akionekana kwa nyuma ni mnyama mwingine kabisa: mkia unakujia juu ya kichwa na mwili unasogea mbele kama unataka kuondoka. Kisha chungulia. Litafute fuvu la kweli kwenye kabati. Soma vibao vya majina mpaka mwisho. Mtembelee Archaeopteryx, pita kwenye mitungi, na kabla ya kutoka rudi tena ukumbini, kwa sababu mara ya pili utamwona kama mtu unayejua kwao.

Wala usikae kimya. Watu wanaosubiri zamu kwenye Juraskopu hupenda kuzungumza, na wengi wao wanadhani dinosaria wote walitoka Marekani au Mongolia. Waambie. Waambie kuhusu kilima, wangwa, fito za mianzi, njia ya wapagazi hadi bandarini, Boheti bin Amrani na Mohammadi Keranje. Akiuliza mtoto mnyama huyu mkubwa anayetembea ni wa wapi, mjibu bila kusita: huyu kwao Lindi.